Chuma hakipigi kelele, kinavuma

Wiki iliyopita, alfajiri, ujumbe uliingia kwenye kundi la mtaa wetu hapa Kigoma: "Jamani kuna kelele kubwa stesheni." Mmoja akauliza nani wanapigana. Mwingine akauliza kama kuna walioumia. Jirani yangu, ambaye mwanawe anapakia mizigo kule, alijifunga khanga akatoka mbio hata viatu hakuvaa. Kumbe mabehewa ya mizigo yalikuwa yanaungwa.

Aliyeandika hakudanganya. Alisikia vyuma vikigongana gizani akachukua neno lililokuwa karibu. Ila kelele ni mali ya watu kwanza. Ukisema kelele, msikilizaji anaona midomo na mikono. "Acheni kelele" huambiwa watoto, haiambiwi reli.

Linaniuma kwa sababu neno la chuma tunalo, nalo ni kuvuma. Debe tupu haliachi kuvuma, methali hii kila mtu anaijua. Iko ndugu yake inayosahaulika: debe shinda haliachi kutika. Shinda ni chombo ambacho hakikujaa, maji yamefika katikati hivi. Aliyewahi kujitwika debe kutoka ziwani anajua tofauti hiyo kwa shingo yake. Tupu ukiligonga linavuma, lenye maji nusu linatika kila hatua, maji yakipiga bati huku na huku. Debe ni lilelile, vitenzi viwili, na huna haja ya kuchungulia ndani.

Sikio hilohilo utalikuta kwenye Biblia ambayo wengi wetu tumekulia nayo kanisani. Wakorintho wa Kwanza 13 inataja "shaba iliayo na upatu uvumao". Zaburi ya 150 ina matoazi yaliayo, halafu matoazi yavumayo sana. Mara zote mbili kulia kunatangulia, kuvuma kunafuata, na mimi nasoma hapo ngazi mbili. Njuga zinalia. Sarafu inalia ikidondoka kwenye bakuli, kijiko kinalia ndani ya kikombe. Sauti ikijaa, ikabaki hewani baada ya pigo kwisha, hapo chuma kinavuma.

Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la sita, alinisomea mstari ule wa upatu kisha akaniangalia. "Shangazi, upatu unavumaje? Si ni ule wa kupokezana hela?" Sikumcheka. Nilikwenda jikoni nikachukua sinia la shaba alilotuachia bibi, nikalishika ukingoni kwa vidole viwili, nikalipiga kwa mwiko. Alinyamaza mpaka sauti ilipoisha yenyewe. Kisha akaomba apige yeye.

Nenda kwa fundi gari yeyote pale Mwanga, hapa mjini kwetu, umwambie gari lako linapiga kelele. Hatakuelewa, na ana haki. Atakuuliza: linagonga, linakwaruza, linasaga au linavuma? Maana breki zinazosaga na beringi inayovuma si ugonjwa mmoja, wala bei yake si moja. Fundi huyo huenda hajaandika ukurasa mzima tangu amalize shule, lakini katika jambo hili anatuzidi sisi tunaoandika kila siku.

Nililifikiria sana nilipojaribu kuandika kuhusu Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa ndani ya maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam na kupandishwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapa ufukweni ikaunganishwa upya kwa ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabamba, ikashushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Ribiti hupigwa nyundo ikiwa ya moto. Fikiria tumbo la meli la mabamba ya chuma, refu kuliko nyumba, tupu ndani kama debe, nyundo zikipishana juu yake kutwa nzima, na vilima vinavyoizunguka ghuba vinairudisha sauti. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "kulikuwa na kelele nyingi za ujenzi". Niliposoma tena niliona soko la samaki. Nikafuta, nikaandika: "Bamba lilivuma tangu asubuhi mpaka jua linazama." Sentensi fupi zaidi, na ufukwe ukaonekana.

Kuna rafiki aliyeniambia nisijisumbue, kuvuma siku hizi ni kwa wimbo na habari za wasanii, wasomaji watachanganyikiwa. Sikubaliani naye hata kidogo. Habari huvuma kwa kuwa inasikika mbali, kama upatu unavyosikika mbali. Umaarufu ndio uliolikopa neno kwenye sauti. Na ukiandika "geti lilivuma usiku kucha kwa upepo", hakuna atakayedhani geti limepata umaarufu. Ninachoomba si kikubwa: kwenye ujumbe, kwenye tangazo la mtaa, kwenye insha ya mtoto, kabla ya kuandika kelele, sikiliza kwanza kilichogongwa ni nini. Kama ni pigo moja zito lililokufa palepale, andika kishindo. Kama ni bati linaburuzwa kwenye zege, andika linakwaruza. Vijiko viache vilie tu, si kila chuma kinastahili kuvuma.

Shuleni kwa binti yetu kengele ni kipande cha reli kimetundikwa kwenye mwembe, hupigwa kwa nondo. Juzi ameandika insha kuhusu asubuhi, na humo ameandika kengele ililia. Nikamwambia kipande kile kinavuma, nimekisikia mwenyewe nikiwa nimesimama chini ya mwembe. Akatikisa kichwa. Yeye, akasema, hukisikia akiwa bado ng'ambo ya bonde, amechelewa, na kwa kule kinalia. Chini ya mwembe ndipo kinavuma. Nikamrudishia daftari lake bila kugusa neno.