Ramani ya pikipiki: ije na dashibodi au ifungwe juu ya usukani?

Kisumu anwani huja kwa njia mbili. Ama mtu anakutumia pini ya WhatsApp, ama anakwambia, "Ukifika Kondele uliza pale kwa posho mill, halafu nipigie." Jina la barabara na nambari ya nyumba ni mambo ya Milimani, na hata huko si kila geti. Anayetamani pikipiki yenye ramani ndani ya dashibodi na anayetaka kufunga kifaa chake kwenye usukani wote waanzie hapo, kwa sababu vifaa vingi vya kuongozea njia vilibuniwa na watu ambao nyumba zao zina nambari.

Kuna jambo ambalo maduka hupenda kulichanganya. "GPS ya kiwandani" ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mfumo kamili: kipokezi cha setilaiti, ramani na skrini, vyote ndani ya pikipiki. Honda Gold Wing ilitoka hivyo mwaka 2006. Cha pili, ambacho ndicho utakutana nacho kwenye pikipiki za bei ya kati, ni skrini inayongojea simu. Royal Enfield ilileta Tripper mwaka 2020 pamoja na Meteor 350, kiduara kidogo kando ya geji ya mwendo kinachoonyesha mshale na umbali wa kona inayofuata. TVS ina SmartXonnect, nayo ni ya kuungana na simu vilevile. Hata BMW R 1250 GS, mashine ya pesa nyingi yenye skrini ya inchi 6.5, ilionyesha mishale tu iliyotoka kwenye programu ya simu. Simu iko mfukoni, inafanya kazi yote. Ikizima, dashibodi nayo haina la kusema.

Hata hivyo, ya kiwandani haistahili kubezwa. Nyaya zake zimepitishwa mahali pake na mtu aliyekuwa na mchoro mbele yake. Mvua ya saa tisa alasiri ya Kakamega haiingii ndani. Skrini inasomeka jua likiwa utosini, na hapa tulipo, karibu na ikweta, jua hukaa huko utosini muda mrefu. Unaiendesha kwa vitufe vya mkono wa kushoto bila kuachia usukani. Halafu hakuna kijana atakayeinyofoa ukiwa umesimama kwenye msongamano. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakula karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama chini sekunde mbili, umepita mita 33 bila macho. Mshale mmoja mkubwa ulio karibu na mstari wa macho ni salama kuliko ramani ya rangi nyingi iliyo karibu na tangi.

Tatizo lake ni umri. Pikipiki iliyotunzwa inafika miaka kumi, ilhali programu ya simu hubadilika kila mwezi, na siku ikiacha kuzungumza na dashibodi ya zamani hakuna fundi wa jua kali atakayelitatua kwa bisibisi. Skrini ya TFT, yaani ile ya rangi kama ya simu, ikipasuka, huipotezi ramani peke yake: geji ya mwendo, ya mafuta na taa za onyo huondoka nayo, kwa kuwa vyote vimo kwenye kipande kimoja. Uhaba wa chipu duniani ulipobana mwaka 2022, Royal Enfield yenyewe iliiondoa Tripper kwenye orodha ya vitu vya lazima katika baadhi ya pikipiki zake na kuifanya nyongeza ya hiari. Pikipiki zikaendelea kutoka bila kiduara kile na zikaendeshwa vizuri tu. Nao wenye ile BMW GS waliotaka kuona ramani yenyewe walinunua Navigator, kifaa cha ramani kilichotengenezwa na Garmin, wakaifunga juu ya skrini waliyokwisha kuilipia. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye jibu: kama pikipiki inakufaa kwa injini, kiti na spea, ichukue na dashibodi yake. Lakini usiongeze hata shilingi elfu tano kwa sababu ya ramani.

Tuje kwa vya kufunga. Kifaa maalumu kama Garmin Zumo XT, chenye skrini ya inchi 5.5, kina sifa ya IPX7, yaani kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Unakigusa na glavu, na mtikisiko hakijali. Lakini kilichonunuliwa Ulaya kinakuja na ramani ya Ulaya. Ukikiwasha Ahero kinakuonyesha nukta kwenye uwanja mtupu, mpaka ununue ramani ya Tracks4Africa au upakie ile ya bure ya OpenStreetMap.

Kisha pini. Bila kukiunganisha na simu, itabidi uandike nambari za mahali (latitudo na longitudo) kwa mkono, na Kisumu ina mtego wake. Katikati ya mji ni karibu -0.0917, 34.768. Ile alama ya kutoa ina maana ya kusini mwa ikweta. Ukiisahau, kifaa kitakupeleka 0.0917 kaskazini, kilomita 20 hivi kutoka ulikokusudia, na utajikuta Vihiga ukitafuta duka lililoko Oginga Odinga Street. Mwenzako wa Nakuru akikosea hivyo atatupwa mbali zaidi na atashtuka mapema. Wa Kisumu huona njia inayoeleweka kabisa, Mamboleo, Kiboswa, anaendelea tu. Kosa la pili ni kusoma 0.0917 kana kwamba ni digrii 0, dakika 9, sekunde 17. Digrii za desimali zikigeuzwa kuwa dakika, jibu ni dakika 5 na sekunde 30. Tofauti hiyo ni kilomita 7 kuelekea kusini, upande wa ziwa. Kabla ya kuandika chochote, ingia kwenye mipangilio uone kifaa kinataka mtindo gani.

Simu haina shida hiyo. Unagusa pini, unachagua programu, safari imeanza. Google Maps ina hali ya pikipiki kwa Kenya. Programu za OsmAnd na Organic Maps hupakua ramani nzima ya nchi kwa mamia ya MB kisha hazihitaji bando tena, kwa sababu setilaiti hazitozi mtu. Kinachokula bando ni picha za ramani na habari za msongamano. Bila data, simu iliyozimwa muda mrefu huchukua nusu dakika au zaidi kujua iko wapi, basi iwashe kabla ya kuvaa helmeti.

Simu hufa kwa namna nne, na mafundi wa simu mjini wanazijua zote. Ya kwanza ni joto. Apple inapendekeza hewa isiyozidi nyuzi 35. Weka simu ndani ya mfuko wa plastiki unaozuia mvua, juani, inachaji, skrini iko juu kabisa: umeitengenezea oveni. Itapunguza mwanga, iache kuchaji, kisha izime. Ya pili ni mtikisiko. Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mtikisiko mkubwa wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera yenye kidhibiti-mtikisiko, kwa sababu lenzi yake inaning'inia kwenye sumaku na vihisi. Injini ya silinda moja ya cc 150 inatikisa vya kutosha. Hapa maskini ana bahati kuliko tajiri, kwani simu ya bei nafuu isiyo na kidhibiti hicho haina sehemu hiyo ya kuharibika. Ya tatu ni maji kwenye tundu la chaja: simu inaweza kuvumilia mvua, lakini tundu lililolowa huku umeme unapita huota kutu ya kijani. Ya nne ni mikono ya watu.

Kwa hiyo simu ya pili, ya bei ndogo, isiyo na laini wala M-Pesa ndani, ndiyo tungeifunga. Kishikio chenye mpira wa kufyonza mtikisiko kinabana usukani wa kawaida wa milimita 22, au kinakaa chini ya nati ya kioo cha pembeni, mara nyingi spana ya 14. Kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina nyuzi za kinyume, usilazimishe ukakata bolti.

Umeme ndipo kazi nyingi huharibikia. Chaja ya USB ya volti 5 na ampea 2 ni wati 10, na kwa upotevu wa kawaida inavuta karibu ampea 1 kwenye betri ya volti 12. Taa ya mbele ya wati 35 inakula mara tatu ya hiyo, hivyo pikipiki haitalemewa. Kosa ni kuunga chaja moja kwa moja kwenye betri. Chaja isiyofanya kazi nayo inavuta, tuseme miliampea 10, na kwa siku 14 za kuegeshwa hiyo ni Ah (ampea-saa) 3.4. Betri ya Ah 5 haitawasha stata tena, utabaki na kiki. Chukua mita, tafuta waya wenye volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa na sifuri ukizimwa. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu na chanzo cha umeme, si karibu na chaja, maana waya ukichunika katikati fyuzi iliyo upande wa chaja haiokoi kitu. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto kabla ya kufunga teipu. Waya uliokazwa usukani ukiwa umenyooka hukatika ndani ya wiki, na hukatika ndani ya ngozi yake, usiuone.

Ramani yenyewe, ya ndani au ya nje, ina upofu uleule. Kutoka Kisumu kwenda Mbita inaweza kukupitisha Luanda Kotieno ili uvuke kwa feri, bila kujua ya mwisho imeondoka saa ngapi. Chagua "epuka feri" nayo itakurudisha Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Pale Kondele haijui kama uko juu ya daraja au chini yake. Uwanda wa Kano baada ya mvua, barabara fupi ya udongo mweusi inaonekana sawa na lami, mpaka tairi la mbele lijae matope chini ya matgadi. Hapo muulize mwenye nduthi anayetoka upande huo, akiwa na matope magotini au bila.

Ukienda dukani kuangalia dashibodi ya kisasa, mwambie muuzaji akutumie pini ya nyumbani kwake kwa WhatsApp, zima data ya simu, zima pikipiki, iwashe tena, kisha mwombe akuonyeshe njia kwenye skrini ile. Mpe dakika tano.