Dawa chungu, paka mgonjwa

Nani aliamua dawa ya paka iwe chungu hivi? Metronidazoli, dawa yake ya kuua bakteria, ikimgusa ulimi tu, povu linamtoka, anatikisa kichwa, dawa yote inaishia ukutani na kwenye kanga yangu. Nikiificha ndani ya samaki, anakula samaki, kidonge anakiacha sahanini. Halafu watu wananiambia nichanganye na asali. Jamani, paka haonji utamu! Ulimi wake hauna kipokezi cha sukari, kwa hiyo hata dawa za maji za watoto zenye ladha ya chungwa hazimsaidii (na paka wengi hawaipendi kabisa harufu ya chungwa). Kinachoniuma ni kwamba anaumwa kweli, anaharisha, na akisikia kopo la dawa linafunguliwa anakimbilia uvunguni. Watengeneza dawa, tuwekeeni ladha ya samaki!