Napster ilizimwa, BitTorrent ingali hai: kwa nini?

Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, ilianza Juni 1999, na kufikia Julai 2001 ilikuwa imezimwa kwa nguvu ya mahakama ya Marekani. Wengi husema kilichoiponza ni seva kuu, yaani kompyuta moja ya kampuni iliyowaunganisha watu wote: nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watu, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilishikwa na kampuni moja. Kampuni ikifungwa, watu hawaonani tena.

Ni kweli, ila haitoshi. Gnutella, mtandao mwingine wa kugawana faili ulioanza Machi 2000, haikuwa na seva kuu, na bado ilififia. Mwaka huohuo watafiti Adar na Huberman waliipima wakakuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawagawi hata faili moja, wanachota tu. Soulseek, kwa upande mwingine, inaendeshwa kwa seva kuu mpaka leo, na zaidi ya miaka 20 baadaye wapenzi wa muziki adimu bado wanabadilishana humo. Anayechota bila kuweka chochote hufungiwa mlango na wenzake.

Kwangu mimi uzito uko hapo, kwenye malipo ya mtoaji. Mwanaprogramu Bram Cohen alipotoa BitTorrent, njia yake ya kugawana faili, mwaka 2001, aliiweka nipe nikupe ndani ya programu yenyewe. Faili hukatwa vipande. Ukishapata kimoja tu unaanza kukigawa, na kompyuta za wenzako hukupendelea kadiri unavyowapa. Mkono mtupu haulambwi. Kila kipande pia hukaguliwa kinapofika, na kilichochezewa hutupwa.

Lakini nipe nikupe hiyo inakoma pale unapomaliza kupakua. Nimewahi kukesha na faili iliyogota kwenye asilimia 99. Tulikuwa watu kumi na mbili tumeunganishwa, wote tuna vipande vilevile, na kile kimoja kilichobaki alikuwa nacho mtu aliyekwisha kuondoka. Kwa hiyo tukisema BitTorrent imedumu, tunasema mfumo umedumu. Faili zilizomo hufa kila siku, hasa zile zinazotafutwa na wachache, na hizo ndizo zinazoniuma. Debian, kundi linalotengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, wanalijua hilo. Mfumo wao wanaugawa kwa BitTorrent, na faili zilezile wanaziweka pia kwenye seva za kawaida, zinazobaki wazi hata kama hakuna mtu mwingine aliyewasha kompyuta yake.