Saa Sita Uwanjani Bila Maelezo

Juzi tulikaa uwanja wa ndege wa Mtwara tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana tukisubiri ndege ya Dar es Salaam, na jibu pekee tulilopewa lilikuwa «hitilafu ya kiufundi». Mama mmoja aliyekuwa akiwahi miadi ya hospitali aliikunja na kuikunjua barua yake ya rufaa mpaka ikaanza kuchanika. Inaniuma sana. Abiria anayeondoka nchi za Umoja wa Ulaya kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 hustahili chakula ndege ikichelewa saa mbili, na akifika saa tatu baada ya muda uliopangwa hudai euro 250, kwani huko hitilafu ya kawaida ya kiufundi haihesabiwi kuwa dharura ya kuliondolea shirika la ndege wajibu wa kulipa. Sisi hata maji tulijinunulia.