Ree la Shupaza Lilivyoingia Kwenye Posa

Jamani hili nalisimulia sasa hivi kwa sababu faini nimeshalipa na ndoa imeshafungwa, hakuna wa kunifanya kitu.

Mimi nimejifunza mazingaombwe ya karata kwenye Yutubu, kwa bando la usiku, chumbani kwangu hapa Mtwara mjini, feni haina nguvu na jasho linatiririka. Shida ya kwanza ilikuwa kuchagua namna ya kuficha karata kiganjani, wenyewe wanaita pamu, maana ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Ile ya kawaida karata inalala kiganjani yote, pembe ya juu unaibana kwa ncha ya kidole cha mwisho, pembe ya chini inakaa kwenye ile nyama ya chini ya gumba, vidole unavikunja kidogo basi. Ukisikia hivyo rahisi. Ila karata ina urefu wa milimita 88 na upana 63 na kiganja changu ni cha mtoto wa darasa la tano, kila nikigeuka kona inachungulia kama panya darini.

Nikahamia ile ya nyuma ya mkono, hiyo mtu wa mbele anaona kiganja cheupe kabisa hakina kitu. Tatizo aliyeko nyuma yako anaiona yote, na barazani kwetu ukianza kufanya kituko watu wanajaa pande zote nne na mbuzi juu. Ipo pia ya Tenkai, mfanya mazingaombwe wa Kijapani, gumba ndilo linafanya kazi ya kubana vidole vinne vinabaki huru, hii niliipenda sana ila mtu akikaa vibaya tu umeumbuka. Mwisho nikarudi kwenye ile ya kawaida nikatafuta karata nyembamba za upana wa milimita 57, za plastiki, na hizo za plastiki ndizo zilizoniponza kama mtakavyoona.

Sasa mazoezi. Wote wanaofundisha wanarudia jambo moja, kwamba kinachokuumbua ni mkono wako wenyewe, karata haina kosa. Mtu akishaficha kitu vidole vinakakamaa kama kapooza, gumba linasimama, macho yanakimbilia pale pale anapopaficha. Dai Vernon, yule mfanya mazingaombwe wa Kikanada aliyefariki 1992 akiwa na miaka 98, maisha yake yote alihubiri mkono uonekane wa kawaida. Na dawa yake ni kutembea nayo, ufiche karata ufanye shughuli zako mpaka mkono usahau kama una mzigo. Nikajiuliza mkono upi. Kulia ndio wa kula, ndio wa kupokelea, ukimpa shikamoo mzee akakupa mkono umekwisha. Nikachagua kushoto nikajiona profesa. Nikanywa chai nao, nikapanda bodaboda nao, nikahudumia wateja nao, wiki 2 hakuna aliyeshtuka.

Ikaja posa ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, Mikindani. Msimu wa korosho huo, watu wana hela kidogo, posa zinafuatana kama daladala. Mimi nilikuwa wa kubeba mkoba tu. Sasa kwa nini nilienda na ree la shupaza kushoto? Sina jibu, mkono ulishazoea ukawa unadai wenyewe.

Mambo yakaenda vizuri. Kusalimia kulia, kupokea juisi kulia, pilau kulia, kushoto kumetulia pajani. Huku kwetu mjomba wa binti ndiye mwenye kauli, na huyu alikuwa mzee mkali, kofia ya kiua, sauti nzito, akaipokea barua ya posa na hela kwenye sahani ya kauri, akahesabu polepole. Akaridhika. Akasema, "Haya, tuombe dua."

Dua! Wiki 2 nzima nimepigia hesabu chai na bodaboda na wateja, sijapigia hesabu dua. Watu wote viganja juu. Nikavikusanya vyangu nikavikunja kama nachota maji kisimani, nikavisogeza karibu na kidevu, aliye pembeni ataniona mcha Mungu kweli kweli. Na ikakubali! Shehe anaomba, mimi naitikia amina kwa uchungu kuliko bwana harusi mwenyewe, huku ree linaniangalia.

Dua ikaisha. Ikaisha nikashusha pumzi, na mwili ukafanya ulichozoea tangu madrasa, nikajipangusa uso.

Plastiki, joto la Novemba, jasho. Ikanasa kwenye shavu. Mimi sikujua, niliona tu mama mkubwa ananitumbulia macho kama kaona jini, nikamtabasamia, ile kutabasamu ikabanduka ikadondoka chali kwenye sahani juu ya hela.

Kimya. Mjomba akaitazama, akanitazama. "Njomba, mmekuja kuposa au mmekuja na karata tatu?" Akaanza kuhesabu hela upya. Mara 3. Mara ya pili akanyoosha kila noti juani, kaka yangu analia kwa ndani. Nikajaribu kueleza kuhusu pamu na yule Mjapani, mshenga akanikanyaga mguu. Faini elfu 20, papo hapo, kutoka mfukoni kwangu.

Wakati wa kuondoka mjomba akaniita pembeni, chini ya mwembe. Nikajua sasa nachapwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Hii hurudishiwi. Sisi jioni tunacheza arubastini na ree letu la shupaza lilipotea tangu Ramadhani."