Mbuzi wa Shangazi Hakuandikwa

Jumapili nimebebeshwa tena ukamati. Mpwa wangu anaoa Desemba, na kikao cha kwanza pale Nkuhungu, hapa Dodoma, hakijamaliza hata soda, mtu akasema, "Kaka ana uzoefu, apewe ukumbi." Uzoefu! Uzoefu wenyewe ni harusi ya mdogo wangu mwaka jana, na tangu usiku ule nikiona mtu kabeba kiti cha plastiki, roho inaniruka.

Tulikuwa na meza 25 za watu kumi kumi, na sahani 250 zilizolipiwa. Kadi ya singo kwa aliyetoa 50,000, dabo kwa 100,000, kama kawaida yetu. Mlangoni vijana wawili wanaskani kadi kwa simu, tunajiona watu wa kisasa. Meza namba 2, mbele kabisa, niliiandikia kikaratasi kwa mkono wangu: WAZEE, UPANDE WA BABA. Hapo alikaa shangazi yetu wa Kibakwe, aliyeingia mjini tangu Alhamisi na mbuzi mmoja na mfuko wa karanga.

Saa mbili na nusu usiku akaingia bosi wa bwana harusi. Kadi yake dabo. Nyuma yake mke, dereva, na rafiki wawili ambao "tulikuwa nao tu hapo Area D tukasema tupite." Simu ya mlangoni ikasoma wawili. Mwenyekiti wa kamati akasoma watano. MC naye, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kwamba mbele pafanyiwe nafasi, ugeni mzito umefika.

Nikaenda mimi. Sikumtuma kijana.

"Shangazi, samahani, tunaomba tusogee kidogo."

"Tunasogea wapi, mwanangu?"

Sikumjibu. Nikachukua mkoba wake nikatangulia, wazee wengine wanne wakafuata. Nikawaketisha meza ya 24, ubavuni mwa spika ndefu kuniliko mimi. Meza hiyo ilikuwa ya wageni wa Dar, ambao walikuwa bado. Hawa nao! Zamani mtu wa Dar alijua basi litamla siku nzima, kwa hiyo alikuambia wiki mbili kabla kama anakuja. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma 2024, anaamka Jumamosi, anapiga pasi suti, anakata tiketi, na saa kumi jioni unapokea ujumbe: "Tuko njiani, tumeongezeka wawili." Treni naipenda, na mimi naipanda. Lakini imetuharibia hesabu.

Basi wakafika, stoo ikafunguliwa, viti vya plastiki vikatolewa. Wazee wakainuka wenyewe kuwapisha wageni, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Nilimwona shangazi kwenye kile cheupe chenye ufa, kanga kaibana sikioni kuziba muziki.

Wakati wa zawadi MC akaita, "Shangazi wa bwana harusi!" Akaita mara ya pili. Mara ya tatu akasema naona katoka kidogo, tuendelee. Hakutoka. Hakusikia. Vitenge viwili vya bibi harusi, vimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, vilibaki mapajani mwake mpaka keki inaisha.

Kuhusu wanaokuja na watoto watatu na kadi imeandikwa wasije, leo sina nguvu. Na anayefika saa nne akadai chakula chake kiko wapi, Mungu anamwona.

Ila nimekaa na hili mwaka mzima, na nimejua lilipoanzia. Ni ile orodha ya michango kwenye kundi la WhatsApp. Jina, kiasi, alama ya tiki. Kadi zinatoka kwenye orodha ile, na viti vinafuata kadi. Shangazi hakuwemo. Kadi yake nilimwandikia mimi kwa fadhila, kama vile ni mpita njia. Sikatai, hela ndiyo inayolipa ukumbi. Bosi yule alitoa laki tano, na alitoa mapema kuliko wajomba zangu ambao mpaka leo ahadi zao zinasomeka "nitamalizia". Haya, nimekubali, apewe kiti kizuri. Apewe viwili, ndivyo kadi yake ilivyosema. Vile vitatu vya juu vilikuwa vya nani?

Na yule mbuzi tulimla sisi kamati, Ijumaa usiku, tukipanga meza. Mimi nilipata paja.

Kwa hiyo jana nimeomba orodha ya Desemba ianze upya. Nikaandika mwenyewe pale juu: "1. Shangazi, Kibakwe. Mbuzi mmoja, kaahidi tena." Nikaweka na tiki kabisa.

Mweka hazina kanijibu baada ya dakika mbili: "Kaka, hapo niweke shilingi ngapi?"