Anayetaka kumbana mbunge wa Marekani huanzia kwenye mchujo

Vikitajwa vikundi vya shinikizo vya Marekani, wengi hufikiria bahasha inayopita chini ya meza. Nadhani tunatazama pasipostahili. PAC, yaani kamati ya kuchangia wagombea, kwa kawaida huruhusiwa kumpa mgombea dola 5,000 kwa mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama, na 5,000 nyingine kwa uchaguzi mkuu. Kampeni ngumu ya ubunge hula mamilioni, kwa hiyo hizo hazimnunui mtu.

Pa kutazama ni mchujo. Vyama vya kule havina Kamati Kuu ya kukata majina kama tulivyozoea Tanzania. Mchujo huendeshwa kwa sheria ya jimbo, na anayeshinda ndiye mgombea, viongozi wapende wasipende. Wilaya nyingi za uchaguzi ni ngome za chama kimoja, hivyo mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na wanaojitokeza kupiga kura ni wachache. Hapo ndipo mwenye fedha hupenyeza mkono.

Hukumu mbili za mahakama za mwaka 2010, Citizens United na SpeechNow, zilizaa Super PAC. Hii huchangisha na kutumia bila kikomo, mradi isimpe mgombea hata senti wala isipange naye mkakati. Juni 2024, Super PAC ya AIPAC, kikundi kinachoitetea Israeli, ilimwaga zaidi ya dola milioni 14 huko New York dhidi ya mbunge Jamaal Bowman wa Democratic, mkosoaji wa vita vya Gaza. Matangazo mengi hayakuigusa Israeli kabisa. Yalimsuta kwa kuupinga mswada wa miundombinu wa Biden. Akashindwa mchujo na George Latimer wa chama hichohicho. Si fedha peke yake, maana Latimer aliongoza kaunti ya Westchester na watu walimfahamu vizuri. Lakini wabunge wengine waliona, na aliyeona hahitaji kupigiwa simu.

Na lile katazo la kupanga pamoja? Mgombea huweka kwenye tovuti yake kisanduku chenye mstari mwekundu: wapiga kura hawa wanapaswa kusikia jambo hili. Super PAC husoma na kutengeneza tangazo. Hawajazungumza, ila wameelewana. Huu ni udanganyifu wa mchana kweupe, na unanikera kuliko fedha zenyewe.

Mwamuzi ni Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho: viti 6, visivyozidi 3 vya chama kimoja, na uamuzi unadai kura 4. Mara nyingi malalamiko yamefika, kura zikagawanyika 3 kwa 3, faili likafungwa.